Prezzo Anaweza Nini, na Hawezi Nini? Soma Hii Kabla Umpigie Kelele

Mtaani lawama zote hutua kwa mtu mmoja. Unga ikipanda, ni Prezzo. Dispensari ya kaunti ikikosa dawa, ni Prezzo, hata kama hiyo ni kazi ya gavana. Ukweli ni kwamba Katiba ya 2010 ilimpa nguvu nyingi, lakini si zote. Cheki mpaka uko wapi.

Anaingiaje Ikulu?
Kura hupigwa Jumanne ya pili ya Agosti kila baada ya miaka 5. Kushinda, lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47. Akikosa, watu wanarudi debeni. Mihula ni miwili tu, hakuna cha tatu.
Anayepinga matokeo ana siku 7 kwenda Mahakama ya Upeo, na majaji wana siku 14 kuamua. Si mchezo: tarehe 1 Septemba 2017 ushindi wa Uhuru Kenyatta ulifutwa hivyo, uchaguzi ukarudiwa.

Anachoweza
Ni mkuu wa nchi, mkuu wa serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Anateua mawaziri, wasiopungua 14 na wasiozidi 22, halafu Bunge la Kitaifa linawapiga msasa. Kuwafuta, hahitaji kuuliza mtu. Julai 2024 William Ruto aliwapiga kalamu karibu mawaziri wote kwa siku moja, akambakisha Musalia Mudavadi.
Anaweza pia kusamehe wafungwa, lakini kwa ushauri wa kamati maalum.

Asichoweza
Hawezi kumfuta naibu wake. Rigathi Gachagua alitolewa na waheshimiwa: Bunge la Kitaifa lilipiga kura tarehe 8 Oktoba 2024, Seneti ikamaliza kazi tarehe 17.
Hawezi kutangaza vita bila idhini ya Bunge. Akitangaza hali ya hatari, inaisha baada ya siku 14 wabunge wasipoiongeza.
Hachagui majaji anavyotaka. Tume ya Huduma za Mahakama ndiyo inapendekeza majina. Mwaka wa 2021 Uhuru aliteua majaji 34 na kuwaruka 6. Hao 6 walisubiri mpaka Septemba 2022, Ruto alipoingia.

Ile saini
Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Mswada ukimfikia, ana siku 14: autie saini au aurudishe Bungeni na sababu zake. Akinyamaza tu, unakuwa sheria wenyewe. Akiurudisha, wabunge wanaweza kumpita wakifikisha thuluthi mbili.
Ndiyo maana Juni 2024 ilikuwa moto. Tarehe 25 wabunge 195 walipitisha Mswada wa Fedha, vijana wakaingia mpaka Bungeni, na wengine walipoteza maisha siku hiyo. Kesho yake Ruto akasema hataweka saini, akaurudisha akitaka vipengele vyote vifutwe.

Anaweza kutolewa?
Ndiyo, lakini ni mlima. Thuluthi moja ya wabunge waunge hoja, thuluthi mbili waipitishe, kisha Seneti nayo ifikishe thuluthi mbili. Akiwa ofisini, hashtakiwi kwa jinai katika korti za Kenya. Akitoka, ngao hiyo inabaki mlangoni.

Sasa piga hesabu. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349 bila spika, na thuluthi mbili yao ni 233. Waziri hapiti bila wao, vita haitangazwi bila wao, na mswada lazima upite kwao kabla ufike Ikulu. Mmoja wa hao 349 ni wa kwenu. Jina lake unalijua?