Machungwa ya Mvita

Wanahistoria huisoma safari ya Vasco da Gama kwa ramani na mizinga. Mimi niliyezeeka nikichungulia vinywa vya watu hapa Tanga naisoma kwa fizi. Shajara ya safari ile, inayodhaniwa kuandikwa na Álvaro Velho, inasimulia kwamba Januari 1498, merikebu zilipotia nanga mtoni Quelimane, Msumbiji, mabaharia wengi walivimba miguu na mikono, na fizi zikaota juu ya meno hata wakashindwa kula. Mwandishi hakuupa ugonjwa ule jina. Sisi tunauita kiseyeye.

Ufizi mzima ni mkimya wa tabia: hauumi, hauvuji, hausikiki. Ukiupangusa kwa pamba na kuumulika taa, mara nyingi utauona una vitobo vidogo vya kubonyea, kama ganda la chungwa. Kwa wengi wetu una mabaka meusi, na hayo si maradhi. Kati yake na jino pana kijifereji. Kijiti chetu cha kupimia kikizama milimita 1 hadi 3, hali ni njema. Chini ya hapo ndipo penye kazi kubwa: nyuzi za kolajeni zinazofunga ufizi na jino kwenye mfupa wa taya. Nyuzi hizo huchakaa na kusukwa upya daima, na hazisukwi sawasawa bila vitamini C, ambayo mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea.

Akiba ya mwilini huisha kwa mwezi mmoja hadi mitatu. Hapo mishipa midogo huanza kuvuja, ufizi hugeuka zambarau na kuumuka, meno hulegea, hata makovu ya zamani hufumuka. Kuna jambo moja ambalo halijawahi kuacha kunishangaza: pengo lisilo na jino kwa kawaida huwa haliumuki. Kibogoyo anaweza kuugua kiseyeye mwili mzima na kinywa chake kikaonekana salama.

Tarehe 7 Aprili 1498 Wareno wakafika Mombasa. Kesho yake mtawala wa Mvita, ndiyo Mombasa hiyohiyo, aliwapelekea kondoo, machungwa mengi, malimau na miwa. Michungwa na milimau asili yake ni Asia. Iliota pwani kwetu kwa sababu Bahari ya Hindi ilikuwa na biashara yake kabla Mreno hajaijua. Shajara inasema wagonjwa wote walipona pale. Walipona kwa nini? Mwandishi anamshukuru Mungu na kuisifu hewa nzuri ya mji. Matunda ameyaandika kwenye orodha ya zawadi, si kwenye habari ya tiba. Na siku hizohizo, nahodha wao alikuwa akiwadondoshea mateka mafuta ya moto ili waseme kama Mombasa inawatega.

Waliporudi, bahari iliwatoza deni. Tarehe 5 Oktoba 1498 waliondoka kisiwa cha Anjediva, pwani ya India, kabla kaskazi haijashika. Nahodha wa jahazi asingethubutu. Angekaa bandarini akangoja upepo wake. Wao wakakumbana na shwari na pepo za mbisho, safari ikala karibu miezi mitatu. Watu 30 wakafa kwa kiseyeye, na katika kila merikebu walisalia saba au wanane wa kufanya kazi. Tarehe 7 Januari 1499 wakafika Malindi, na miongoni mwa mambo ya mwanzo waliyoomba ni machungwa, maana wagonjwa waliyatamani mno. Yakaletwa. Lakini wengi walikwisha kuharibika kupita kiasi, wakafia palepale. Safari hii mwandishi akailaumu hewa! Siku chache baadaye, kwenye miamba ya Mtangata, huku kwetu, wakaichoma moto merikebu yao mojawapo, São Rafael, kwa kukosa watu wa kuendesha merikebu tatu.

Hewa ilishitakiwa na kusifiwa kwa muda mrefu baada ya hapo. Mwaka 1747 daktari wa Kiskoti James Lind aliwagawa mabaharia 12 wagonjwa wawili wawili, kila jozi ikapewa dawa yake. Waliokula machungwa mawili na limau moja kwa siku waliwashinda wote. Mmoja alikuwa tayari kurudi kazini siku ya sita. Hata hivyo Lind mwenyewe aliendelea kuamini kwamba unyevu wa hewa unahusika, na jeshi la majini la Uingereza halikuagiza maji ya malimau kwa merikebu zake hadi mwaka 1795. Vitamini yenyewe ilitengwa na Albert Szent-Györgyi mwaka 1928.

Siku hizi kosa limegeuka upande. Mtu akitema damu akipiga mswaki, majirani humwambia ale machungwa. Anakuja kwangu baada ya miezi na mfuko mzima wa ushauri. Namwambia: kula, mama, ni mazuri; lakini kinachokutoa damu ni ukoga ulioganda shingoni mwa jino, nao hautoki kwa tunda. Unakwanguliwa, kisha unazuiwa kwa mswaki asubuhi na usiku, uwe wa dukani au wa mti. Ukiachwa, nyuzi zilezile hukatika polepole, mfupa ukaliwa, na jino likang'oka bila kutoboka.

Vitabu vya shule vimetugawia pwani ya 1498 kwa urahisi: Malindi rafiki, Mombasa adui. Malindi ilitoa rubani, hilo halina ubishi. Lakini rubani hafai kitu kwa mabaharia wasioweza kutafuna. Ukihesabu nani aliisaidia safari ile ifike India, waweke na wakulima wa Mvita, ambao matunda yao yaliwaponya wageni ambao wenzao walikuja baadaye kuuteketeza mji wao, mwaka 1505.