Nani Atamsomesha Mganga?

Siku Kongo ilipopata uhuru, tarehe 30 Juni 1960, nchi hii kubwa haikuwa na mzalendo hata mmoja mwenye cheti cha mganga kamili. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, lakini wanafunzi wake wa uganga walikuwa hawajamaliza. Mara askari wakaasi, na waganga wengi Wabelgiji wakafunga mizigo. Wagonjwa wakabaki vitandani.

Je, watu wetu walikosa akili? Hasha! Walikuwako wasaidizi wa waganga, wenye kupima na kutibu kila siku. Walichokosa ni mlango. Shirika la Afya Ulimwenguni liliufungua: liliwapa msaada wa masomo, wapatao 60 wakaenda Ufaransa. Kwa kuwa kazi waliijua, hawakuanza upya. Tangu mwaka 1963 walianza kurudi, sasa waganga kamili.

Angalieni vema. Mtu mzima mwenye mke na watoto hawezi kuacha mshahara ili akae darasani. Basi msaada wa kweli haulipi karo tu. Hununua pia wakati wa kusoma.

Kwetu Butembo, Askofu Emmanuel Kataliko alishika njia nyingine: shule ije karibu na mtoto. Mwaka 1989 kikaanzishwa Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, ambamo uganga unafundishwa. Safari ya Kinshasa si lazima tena. Lakini karo bado hutoka katika maharagwe na kahawa ya mzazi, na masomo ya uganga ni marefu. Mwenye akili na asiye na shamba atafanyaje?

Jambo hili si dogo. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 upande wa Beni iliua watu 2,287 kabla ya kwisha Juni 2020. Wengi waliwaogopa wageni waliokuja kutibu. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 19 Aprili 2019, Daktari Richard Mouzoko wa Kamerun aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu, hapa Butembo. Wauguzi wa kwetu nao walitishwa. Lakini wao walijua lugha ya mgonjwa na jina la mama yake.

Haba na haba hujaza kibaba. Ukoo ukichanga, jirani akiongeza, mtoto mmoja atasoma. Naye akumbuke: deni lake hulipwa kitandani pa mgonjwa wa kijijini.