Historia ya Vita ni Mali ya Nani? Funzo la Kazi ya Gwassa kwa Bonde la Songwe

Historia ya vita katika nchi iliyotawaliwa ina tatizo lake maalumu. Aliyeshinda ndiye aliyekuwa na karani, na karani ndiye aliyeandika. Hivyo mjukuu akitaka kuvijua vita vya babu yake hulazimika kuvisoma katika daftari la adui wa babu yake. Makala haya yanaeleza jinsi mwanahistoria Mtanzania, Gilbert Gwassa, alivyolikabili tatizo hilo. Kisha yanauliza njia yake inatufundisha nini juu ya vita vilivyopiganwa mlangoni mwa Kyela, katika bonde la mto Songwe.

Chuo na kazi yake

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961. Idara yake ya Historia iliongozwa kwanza na Terence Ranger, aliyefukuzwa na serikali ya walowezi wa Rhodesia ya Kusini mwaka 1963. Idara hiyo ilijipa kazi ya kuthibitisha kwamba Mwafrika ni mtendaji katika historia yake, wala si mtendwa tu. Katika kizazi hicho cha wasomi, pamoja na Isaria Kimambo na Arnold Temu, alikuwamo Gwassa. Yeye alichagua vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907.

Gavana Götzen alikuwa amekwisha kuandika kitabu chake juu ya vita hivyo mwaka 1909. Ndani yake waganga na ushirikina walitwishwa lawama kubwa. Gwassa hakutosheka na kulikana neno hilo kwa hasira. Alikwenda Umatumbi na sehemu za jirani, akawasikiliza wazee walioviona vita, akalinganisha maneno yao na hati za Wajerumani. Alionyesha kwamba mashamba ya pamba ya kulazimishwa, kodi na viboko ndivyo vilivyoivisha chuki. Alionyesha pia kwamba mafundisho ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yalikuwa itikadi ya kuwaunganisha watu wasiokuwa na mtawala mmoja. Kwa makadirio yake, waliokufa, wengi wao kwa njaa, walifika kati ya 250,000 na 300,000. Hesabu ya Wajerumani ilikuwa 75,000.

Mwaka 1968 Gwassa na John Iliffe walichapisha kumbukumbu za vita hivyo. Mwaka huohuo wanafunzi wa Chuo walitumwa mikoani kukusanya ushahidi wa wazee. Mwaka 1973 Gwassa alikamilisha tasnifu yake ya udaktari. Lakini tasnifu hiyo ilitoka kama kitabu mwaka 2005, tena Köln, Ujerumani, tena kwa Kiingereza. Kwa miaka 32 maneno ya wazee wa Umatumbi yalikuwa mali ya wenye ufunguo wa maktaba. Hapa pana funzo chungu: kuunyang'anya ukoloni historia ni nusu ya kazi; nusu ya pili ni kuirudisha kwa wenyewe, kwa lugha yao.

Aidha, kazi hiyo haikuwa msahafu. Wanahistoria waliofuata, kama wale wa kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010, wamesema kwamba umoja wa Maji Maji ulikuzwa mno, na kwamba kila eneo lilikuwa na sababu zake za kupigana. Nao Wanyakyusa hawakujiunga. Mwanafunzi asione haya kwa jambo hilo. Aulize kwa nini, kama Gwassa alivyouliza kwa nini Wamatumbi walipigana.

Songwe: vita vya wengine, mizigo yetu

Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kuufanya mto Songwe mpaka. Wanyakyusa upande huu na Wangonde upande wa Karonga, watu wa lugha na mila za karibu, wakawa raia wa mabeberu wawili. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa Liuli. Tarehe 9 Septemba Wajerumani waliovuka kutoka upande wetu walipigana Karonga, wakashindwa. Mei 1916 jeshi la Jenerali Northey lilivuka kuja huku, na Neu Langenburg, yaani Tukuyu, ikatekwa.

Vitabu vinawataja makamanda na meli. Lakini jeshi lile lilitegemea sana bega la mpagazi kupata chakula na risasi. Katika Afrika Mashariki Waingereza peke yao waliwatumia wapagazi wapatao milioni moja, na waliokufa hukadiriwa kukaribia laki moja au kupita. Kariakoo ya Dar es Salaam imebaki na jina la kikosi chao. Je, majina yao wenyewe yako wapi?

Kusini ya Songwe, Melvin Page, Mmarekani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Malawi, aliwahoji wazee wa vita hivyo katika miaka ya 1970, na mwaka 2000 akatoa kitabu juu yao. Kwetu nguvu kubwa ilikwenda kwenye Maji Maji, na haikuwa kosa. Ila mpagazi wa Songwe alibaki pembeni.

Wajibu uliobaki

Waliobeba mizigo mwaka 1914 wamekwisha kufa wote. Haina maana kwamba mlango umefungwa. Wajukuu wao wako Katumba Songwe, Ipyana na Matema. Yapo makaburi, majina waliyopewa watoto wa wakati ule, na madaftari ya misheni za Wamoraviani na Walutheri. Mwanafunzi wa Kyela mwenye daftari na subira anaweza kuanza leo, kijiji kwa kijiji: nani alichukuliwa, na nani, akapelekwa wapi, nani hakurudi, shamba lake lililimwa na nani.

Kisha ayaandike kwa Kiswahili, ayalinganishe na hati, na nakala ya kwanza ibaki kijijini. Wazee wa Umatumbi walingoja miaka 32. Wajukuu wa wapagazi wa Songwe wamekwisha kungoja zaidi ya 100.