Kiingereza cha Sayansi: Maneno Madogo Ndiyo Yanayokwamisha

Nchini Tanzania, watoto wengi husoma sayansi kwa Kiswahili hadi wanapomaliza shule ya msingi. Wakiingia kidato cha kwanza, fizikia, kemia na biolojia zinafundishwa kwa Kiingereza. Wazazi wengi hudhani kinachowashinda ni yale maneno marefu, kama jina la Kiingereza la usanisinuru. Sisi tunaona hayo ni nafuu: mwalimu huyaandika ubaoni, mwanafunzi huyakariri, na kila moja lina maana yake moja.

Kazi ipo kwenye maneno madogo ambayo mwanafunzi anadhani anayajua. "Solution" katika hisabati ni jibu. Katika kemia ni kimiminika chenye kitu kilichoyeyuka ndani yake, kama maji ya chumvi. "Work" ni kazi, lakini kwa fizikia kazi hufanyika pale tu kani inaposogeza kitu. Mama aliyesimama bombani na ndoo kichwani hajaifanyia ndoo ile kazi yoyote, hata shingo ikimuuma!

Vitenzi vya mtihani ndivyo hugharimu alama zaidi. "Describe" inataka useme kitu kilivyo. "Explain" inataka sababu. Kwa Kiswahili zote mbili mara nyingi tunasema "eleza". Basi mwanafunzi anaulizwa kwa nini msumari hushika kutu, naye anaandika kwamba unageuka rangi ya kahawia na kumomonyoka. Ni kweli, lakini alama hapati, kwa kuwa hakutaja oksijeni na maji.

Hivyo mwalimu wa Kiingereza na yule wa sayansi wanapaswa kufundisha mambo haya kwa pamoja, kwa maswali ya somo lenyewe. Wiki chache za Kiingereza mwanzoni mwa kidato cha kwanza hazitoshi. Hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina masomo ya stadi za mawasiliano kwa wanafunzi wake.

Nyumbani, mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kusaidia. Mwambie mwanao akueleze somo la leo kwa Kiswahili, kisha umuulize: "Kwa nini iwe hivyo?" Akishapata sababu, aiandike kwa Kiingereza. Wanaotaka istilahi za Kiswahili watafute Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa mwaka 1990.