Wafipa: Kabla ya utani wa uchawi, walikuwa mafundi wa chuma

Ukitaja Sumbawanga tu, watu wanaanza utani wa uchawi na radi. Ila Wafipa, wenyeji wa Mkoa wa Rukwa, wana historia ambayo wengi hawaijui: walikuwa wanayeyusha chuma chao wenyewe.

Wanaishi wapi?
Ufipa ni uwanda wa juu kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Ukiwa Mtowisa, kule bondeni kwenye joto na mpunga, unauona ukingo wake, Lyamba lya Mfipa, umesimama kama ukuta. Huko juu ni baridi, nyasi nyingi, miti michache.

Malungu ni nini?
Ni matanuru ya udongo yenye urefu wa mita 3 hivi. Ndani walijaza mkaa na mawe yenye chuma, kisha wakawasha moto. Hakuna aliyevukuta: hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini, ikavutwa juu na joto. Chuma kilichotoka kilikuwa bado na uchafu, hivyo kilirudiwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, hili sasa likiwa na mivukuto. Ndipo mhunzi akafua jembe au shoka.

Kazi ilikuwa na miiko. Tanuru lilichukuliwa kama bibi harusi, na mafundi hawakulala na wake zao mpaka kazi iishe.

Jembe lilikuwa na kazi gani?
Kulima ntumba. Mkulima anageuza nyasi pamoja na udongo, anafanya matuta ya mviringo. Nyasi zinaozea ndani, zinakuwa mbolea. Juu anapanda maharage. Msimu unaofuata anayatawanya matuta na kupanda ulezi, au siku hizi mahindi. Bila chuma, nyasi zile zisingegeuzwa.

Nini kimebaki?
Majembe ya bei rahisi kutoka Ulaya yaliua uyeyushaji katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwanaakiolojia Mtanzania, Bertram Mapunda, amechunguza mabaki yake huko Nkasi. Ntumba bado zinalimwa, lakini malungu mengi yamebomoka, na hakuna anayejenga mengine.

Kwa hiyo ukilikuta moja shambani, usilivunje kwa ajili ya udongo wake. Mwambie afisa utamaduni wa halmashauri yako.