Fahamu namba 2,147,483,647 na kwa nini inaweza kuvuruga kompyuta mwaka 2038

Bilioni mbili na ushee. Ukiitazama haraka utadhani ni namba ya simu iliyokosewa, lakini wanahisabati wanaijua tangu zamani, na leo imejificha ndani ya kompyuta nyingi duniani.

Inapatikanaje?

Andika 2 mara 31, kisha zizidishe zote. Utapata 2,147,483,648. Toa 1, basi umeipata.

Haigawanyiki

Hii ni namba tasa: inagawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu. Aliyethibitisha hilo ni Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, mwaka 1772, enzi ambazo kompyuta hazikuwepo.

Euler hakujaribu kila namba. Alionyesha kwamba kama ingekuwa na kigawanyo tasa, kigawanyo hicho ukikigawa kwa 248 lazima kibaki 1 au 63. Hapo majaribio yakapungua hadi yasiyozidi 372. Kwa miaka mingi baadaye, hakuna aliyekuwa anajua namba tasa kubwa kuliko hii.

Namba tasa za aina hii huitwa za Mersenne, kwa jina la mtawa Mfaransa Marin Mersenne. Hii ni ya nane, baada ya 3, 7, 31, 127, 8,191, 131,071 na 524,287.

Imeingiaje kwenye kompyuta?

Programu nyingi hutunza namba kwa biti 32. Biti moja inaonyesha kama namba ni chanya au hasi, zinabaki 31. Namba kubwa kabisa inayoenea hapo ndiyo hii. Ukiongeza 1 tu, hesabu inaweza kurukia upande wa hasi.

Desemba 2014, YouTube walitangaza kuwa video ya Gangnam Style ya Psy, msanii wa Korea Kusini, imepita kikomo hicho cha watazamaji. Ikabidi kaunta ihamie biti 64.

Tatizo la 2038

Mifumo mingi hupima muda kwa kuhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970. Ile inayotumia biti 32 itafika mwisho Januari 19, 2038, saa 12:14 asubuhi na sekunde 7 kwa saa za Afrika Mashariki.

Sekunde moja baadaye, mfumo ambao haujarekebishwa unaweza kusoma Desemba 13, 1901. Tarehe ikiharibika, malipo, kumbukumbu na ulinzi wa mtandao navyo vinaweza kuvurugika.

Simu yako je?

Simu mpya nyingi zinatumia biti 64, hivyo zipo salama. Wasiwasi mkubwa ni mitambo na vifaa vya zamani ambavyo programu zake hazisasishwi.

Na hizo biti 64? Sekunde zake zitaisha baada ya miaka takriban bilioni 292.