Uanachama wa Kongo katika Jumuiya za Kimataifa: Mafunzo kutoka Ankoro

Historia ya uanachama wa nchi changa katika jumuiya za kimataifa huandikwa mara nyingi kwa kufuata mikataba na tarehe zake. Njia hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi, kwani inaacha swali moja bila jibu: jumuiya hizo zilipowafikia raia, ziliwafikia kwa sura gani? Ankoro, mji mdogo wa jimbo la Tanganyika, mahali ambapo mto Luvua unaingia katika Lualaba, unafaa kuwa kipimo cha swali hilo.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Siku tatu baadaye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kutuma majeshi. Kongo yenyewe ilipokelewa kuwa mwanachama tarehe 20 Septemba 1960, yaani askari wa Umoja huo walitangulia uanachama. Kwa serikali ya Léopoldville, uanachama ulikuwa ngao ya umoja wa nchi.

Waluba wa Katanga ya Kaskazini, ambao Ankoro ni sehemu ya nchi yao, waliupinga utengano huo kupitia chama cha Balubakat cha Jason Sendwe. Kwa hiyo ingetarajiwa kwamba wangewaona askari wa Umoja wa Mataifa kuwa marafiki. Haikuwa hivyo. Tarehe 8 Novemba 1960, karibu na Niemba, kikosi cha askari 11 kutoka Ireland kilishambuliwa, na tisa wakauawa. Inasimuliwa kwamba kiongozi wao aliwasalimu Waluba kwa Kiswahili, "Jambo", asijibiwe. Watu waliokwisha kuteswa na askari wa Tshombe, wenye maofisa Wazungu, hawakuwa na njia ya kuwatofautisha wageni hawa na wale. Azimio lilikuwa limepitishwa New York; Niemba hapakuwa na aliyelieleza.

Baada ya hapo uanachama uliongezeka: Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwezi Mei 1963, Mfuko wa Fedha wa Kimataifa na Benki ya Dunia mwezi Septemba mwaka huohuo, Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu mwaka 1976, Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Afrika ya Kati mwaka 1983, na SADC mwaka 1997. Mwezi Aprili 2002 nchi iliridhia pia Mkataba wa Roma ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai.

Mwezi Novemba mwaka huo, mapigano kati ya jeshi la serikali na Mai-Mai yalizuka Ankoro kwenyewe. Makumi ya raia waliuawa, na nyumba kwa maelfu zikateketezwa. Askari kadhaa walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya Katanga kwa makosa dhidi ya binadamu. Desemba 2004 hakuna aliyetiwa hatiani kwa makosa hayo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 iliyahifadhi matukio hayo. Hivyo uanachama uliwapa watu wa Ankoro kumbukumbu, haukuwapa haki.

Tarehe 11 Julai 2022 Kongo ilikamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa upande wa uchumi, njia ilitangulia mkataba: reli ya Kabalo ilifika Kalemie mwaka 1915, na mwaka 1921 Ubelgiji ilipewa na Uingereza maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa ajili ya bidhaa za Kongo. Kwa upande wa lugha, mkataba wa Jumuiya hiyo wa mwaka 1999 unataka Kiswahili kiendelezwe kiwe lugha ya mawasiliano ya watu wake, nacho ndicho kinachozungumzwa Ankoro pamoja na Kiluba.

Hata hivyo, ujirani wa lugha si dhamana; salamu ya Niemba yatosha kuwa ushahidi. Kinachohitajika ni kwamba mikataba, haki za mfanyabiashara mpakani na njia za kudai haki mahakamani zielezwe kwa Kiswahili kinachoeleweka na wakazi wa Lualaba. Bila kazi hiyo, ambayo wataalamu wa lugha hawawezi kuikwepa, uanachama utabaki mali ya dola, na raia wataendelea kukutana nao kwa sura ya askari.